Nafasi ya 8 kati ya 104 haijakwambia kitu: jinsi ya kujua mwanao anaweza nini na kumsaidia nyumbani

Ripoti za muhula zikitoka macho ya mzazi yanaenda sehemu moja tu, pale palipoandikwa nafasi. Kawa wa ngapi. Akiwa wa nane basi soda, akiwa wa sitini basi vita, alafu ripoti inawekwa kabatini mpaka muhula ujao. Sasa mi naomba leo hiyo sehemu tuifunike na kidole, maana nafasi inakwambia wenzake wamefanyaje, mwanao mwenyewe anajua nini haikwambii. Nawaandikia wazazi na walezi wenye watoto shule za msingi hapa Tanzania, hasa hizi za serikali zinazofundisha kwa Kiswahili, na hasa hasa darasa la kwanza mpaka la nne kwa sababu huko ndo mambo yanaharibikaga kimya kimya. Huhitaji kuwa umesoma sana. Tafuta daftari la zamani, kalamu, na dakika kama ishirini siku ambayo nyumba imetulia.

Hatua ya 1: Isome ripoti kwa alama, nafasi iache

Chukua darasa la watoto 104. Wa kwanza ana wastani wa 29 kwa 50, wa nane ana 23. Mzazi wa huyo wa nane anatembea kifua mbele mtaani, wakati mwanae hajafika hata nusu ya alama. Shule ya pili kuna mtoto kawa wa 40 ila ana 41 kwa 50, huyu kala fimbo. Nani anajua zaidi? Kwahiyo anza na alama, somo kwa somo, na uangalie imetoka kwenye ngapi maana kuna shule zinaweka kwa 50 na zingine kwa 100, nimeona watu wanalinganisha 38 ya huku na 60 ya kule wanagombana bure.

Ukitaka kujua alama za kitaifa zinakaaje, mtihani wa darasa la saba wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, una masomo sita, kila somo 50, jumla 300. A inaanzia 241, B ni 181 mpaka 240, C 121 mpaka 180, D 61 mpaka 120, chini ya hapo ni E. Kwa somo moja moja A ni kuanzia 41, B 31, C 21, D 11. Kwahiyo 23 ni C ya pembeni kabisa, imeponea. Na hao hao NECTA Januari 2023 wakati wanatoa matokeo ya kidato cha nne waliachana na ule mtindo wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, watu walilalamika sana ila mi naona walifanya la maana.

Alafu kuna lile eneo la maoni ya mwalimu wa darasa, "ongeza bidii". Karibu kila mtoto kaandikiwa hivyo hivyo. Usimlaumu mwalimu, ukiwa na ripoti mia na kitu za kujaza kwa mkono kabla shule haijafungwa na wewe utaandika ongeza bidii. Ila ndo ujue hapo hujapata taarifa, itabidi uitafute mwenyewe.

Hatua ya 2: Jua shule inategemea mtoto aweze nini

Vinavyotakiwa kufundishwa vimeandikwa, na sio siri. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, wale wa Mikocheni, ndo wanaandaa mtaala, mihtasari ya kila somo na vitabu vya kiada. Mihtasari na vitabu wameviweka mtandaoni, kuna Maktaba Mtandao ya TET, unaingia kwa simu unasoma bila kulipa. Bando lako tu. Kama simu yako ni ya tochi, mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe muhtasari wa darasa la mwanao, shule inatakiwa iwe nao.

Ukiufungua usiogope, ni jedwali refu lenye safu nyingi na lugha ya kiofisi. Ruka utangulizi wote. Tafuta safu mbili tu. Moja inaitwa umahiri mahususi, hapo wameandika mtoto anatakiwa aweze kufanya nini, nyingine ni vigezo vya upimaji, hapo wanasema mwalimu atajuaje kwamba ameweza. Hizo za mbinu za kufundishia, zana na idadi ya vipindi muachie mwalimu, ndo kazi yake. Soma umahiri mmoja, jiulize, huyu wangu hiki anakiweza? Ukikuta hujui jibu, ndo hicho cha kupima.

La kwanza na la pili kazi kubwa ni KKK, kusoma kuandika kuhesabu, mengine yanakuja juu yake. Kuanzia la tatu mambo yanabadilika ghafla, masomo yanakuwa mengi na mtoto anategemewa asome ili aelewe sayansi, aelewe jiografia, hakuna tena anayemfundisha kusoma. Ambaye alivuka la pili anababaisha ndo anaanza kuonekana mzito wa masomo yote, watu wanasema sayansi imemshinda, kumbe ni kusoma.

Kingine kwa haraka, mtaala mpya umeanza kutumika Januari 2024 na unaingia kwa awamu, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioingia la tatu mwaka 2024 wanamaliza la sita 2027, mwaka huo huo ambao wakubwa zao wanamaliza la saba. Kwahiyo kitabu alichorithi kwa kaka yake kinaweza kuwa cha mtaala wa zamani, angalia mwaka kwenye kurasa za mwanzo kabla hujaanza kumfundishia.

Hatua ya 3: Mpime mwenyewe, dakika kumi zinatosha

Hii ndo hatua yenyewe. Shirika la Twaweza kupitia mpango wao wa Uwezo walianza mwaka 2010 kupita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kwa karatasi fupi za kiwango cha darasa la pili: silabi, maneno, aya, hadithi. Wakakuta watoto wengi tu wa madarasa ya juu hawafiki kwenye hadithi. Njia yao ni rahisi na hakuna anayekukataza kuiga.

Andika kwa mkono, herufi kubwa za kusomeka, usitumie kitabu chake cha shule. Narudia, usitumie kitabu chake. Watoto wanakariri ukurasa mzima, akiona picha ya kuku anaanza kuimba "huyu ni kuku, kuku anataga" na macho yake yako dirishani. Ukitaka kumjua anayeimba mwambie asome kutoka mstari wa mwisho kwenda juu, utaona anavyokwama.

Silabi: ba, ke, shi, mbu, nya, ng'o, dhi, kwe, tha, njo.

Maneno: meza, kuku, nyumba, mbwa, kijiko, ng'ombe, shangazi, mwembe, chungwa, njugu.

Aya: Asha ana mbuzi wawili. Kila asubuhi anawapeleka malishoni. Jana mvua ilinyesha sana. Mbuzi mmoja alikimbilia kwenye banda la jirani.

Anza na aya. Akiisoma vizuri usirudi nyuma, hongera, nenda kwenye maswali. Akikwama shuka kwenye maneno, akikwama tena shuka silabi. Pale anapoweza ndo kiwango chake, hata kama sare inasema la nne. Hiyo aya ina maneno 19. Mimi kwa mtoto anayemaliza la pili nachukuliaga maneno 50 kwa dakika, maana yake aya hii isizidi nusu dakika. Ikimchukua dakika nzima, anafika mwisho wa sentensi kasahau mwanzo, kwahiyo hata akisoma kila neno sawa hataambulia kitu.

Alafu maswali mawili. Asha ana mbuzi wangapi? Hili jibu limeandikwa. Kwa nini mbuzi alikimbilia kwenye banda? Hili halijaandikwa, anatakiwa aunganishe mvua na banda kichwani mwake. Kuna watoto wanasoma kama redio alafu swali la pili wanakutolea macho, hao wanajua kutamka tu. Ni hatua nzuri ila safari bado.

Kuandika, mpe imla ya yale maneno kumi siku nyingine, usimwonyeshe. Usiangalie mwandiko. Mwandiko mzuri unadanganya sana wazazi, kuna mtoto daftari lake linang'aa, vema tupu, ukimuuliza hapa umeandika nini hajui, alikuwa anachora alichokiona ubaoni. Angalia kama anaacha irabu (mbz badala ya mbuzi), kama anaruka zile konsonanti zinazoungana, kama anakata neno katikati, "ana wa peleka". Kuchanganya r na l au kudondosha h usipanic, hiyo mara nyingi ni lafudhi ya nyumbani na sisi watu wazima kwenye simu tunaandika "apa" na "uyu" kila siku.

Hesabu, mpe hizi: 47 + 28, alafu 63 − 27, alafu 6 × 4, mwisho hili la maneno: mama ana shilingi 5,000, kanunua sukari ya 1,600 na sabuni ya 1,000, kabaki na shilingi ngapi? Muache atumie vidole, vijiti, chochote. Usimsahihishe katikati na usikunje sura. Akimaliza mwambie "nionyeshe ulivyofanya", hapo ndo penye dhahabu, tutarudi.

Kila ulichoona kiandike na tarehe. Mstari mmoja tu, "maneno anaweza, aya anakwama, ng' na mbw hajui, kutoa kwa kukopa hajui". Huo mstari una thamani kuliko ripoti nzima.

Hatua ya 4: Kusoma, rekebisha pale palipovunjika

Kama amekwama kwenye silabi, hapa wazazi wengi tunaharibu kwa nia njema. Tunamfundisha majina ya herufi, "be, a, ba", au tunaleta ya kizungu kabisa, "bii, ei". Mtoto anajiuliza bii na ei zimegeukaje kuwa ba. Mfundishe sauti. Mdomo ufunge, b, ufungue, a. Vuta pole pole, m-m-m-a, ma. Kiswahili kina huruma, herufi unavyoiona ndo unavyoisoma karibu kila mahali, mtoto akishika irabu tano na namna ya kuziunganisha anafungua maelfu ya maneno kwa mpigo. Siku moja shika familia moja tu, ma me mi mo mu, na siku hiyo hiyo tengeneza maneno, mama, mimi, mume, omo ya kufulia. Silabi isiyotengeneza neno inasahaulika mpaka asubuhi.

Wengi wanakwama kwenye zile za kuungana: mb, nd, nj, ny, ng', ch, sh, th, dh, gh, na mbaya zaidi zikija tatu, mbw, nyw. Zifundishe kwa jozi, ba na mba, cha na sha, ngoma na ng'ombe, asikie tofauti kwanza kwa masikio kabla hajaandika. Sema maneno mawili, yeye anyooshe mkono akisikia ng'. Ni mchezo, unachezeka wakati unachambua mchicha.

Kama silabi anajua ila maneno yanamchukua karne, hapo dawa ni kusoma kitu kile kile mara nyingi, ukurasa mmoja siku tatu mfululizo, leo anababaika, kesho anatembea, keshokutwa anakimbia. Kuna wazazi wanaona ukurasa ule ule ni kupoteza muda wanamtaka aende mbele, matokeo yake kila ukurasa anausoma vibaya.

Na kama anasoma vizuri ila haelewi, acha kumsikiliza anavyotamka, anza kupiga stori. Kabla hajafungua ukurasa muulize unadhani itakuwaje, katikati muulize kwa nini kafanya hivyo, mwisho mwambie amsimulie mdogo wake au bibi kwa maneno yake. Vitendawili na hadithi za jioni ni kazi hiyo hiyo, hazina gharama, na mtoto aliyezoea kusikia hadithi ndefu anakuwa na maneno mengi kichwani ya kukutana nayo kitabuni.

Vitabu vya hadithi hamna? Maandishi yapo kila kona. Pakiti ya unga, mfuko wa sabuni, tangazo la mtendaji kwenye mti, jina la kanga ya mama, mgongo wa daladala, kitabu cha nyimbo za kanisani. Mpe asome meseji zako, ziwe zinasomeka lakini, nyingine jamani. Mzazi ambaye hajui kusoma hana sababu ya kukaa pembeni, mwambie mtoto akusomee wewe na aweke kidole chini ya kila neno. Kidole kikiwa mbele ya mdomo au mdomo mbele ya kidole, anaimba. Alafu muulize imehusu nini. Kujua kama stori ina kichwa na miguu hakuhitaji cheti.

Hatua ya 5: Hesabu, tafuta kosa lilipozaliwa

Rudi kwenye "nionyeshe ulivyofanya". Mtoto aliyeandika 47 + 28 = 615 sio mjinga, kajumlisha 7 na 8 kapata 15, kaandika yote, alafu 4 na 2 kapata 6, kaweka mbele. Aliyeandika 63 − 27 = 44 kaona 3 haitoi 7 akaamua kugeuza, 7 toa 3. Hawa wawili ukiwapa maswali hamsini ya kufanana watakosa hamsini, na fimbo haitasaidia kitu, kwa sababu wanafuata kanuni, ila kanuni yenyewe mbovu. Tatizo ni moja, hawajui kwamba ile 6 ya 63 ni makumi.

Tumia hela. Kata vikaratasi, vingine andika 1,000 vingine 100, hata vya daftari. Mpe "noti" sita za elfu na "sarafu" tatu za mia, mwambie akulipe elfu mbili na mia saba. Atatoa noti mbili vizuri, akifika kwenye mia anazo tatu tu. Nyamaza. Usimwambie. Karibu kila mtoto aliyewahi kutumwa dukani atasema mwenyewe, tuchenji noti moja. Anachenji, anapata mia kumi, sasa anazo kumi na tatu, anatoa saba zinabaki sita, na noti zimebaki tatu. Elfu tatu na mia sita. Ndo 36 hiyo, ndo kukopa kwenyewe, sasa andikeni ile ile kwenye daftari hatua kwa hatua huku hela za karatasi ziko mezani. Rudia na kujumlisha, mia zikifika kumi zinabadilishwa kuwa noti moja. Siku chache mfululizo mpaka aweze bila vikaratasi.

Maswali ya maneno yana mtego wake. Juma ana machungwa 12, amemzidi Asha kwa 5, Asha ana mangapi? Watoto wengi wanajibu 17, wameona "amemzidi" wakajumlisha. Mzuie kuandika kwanza, mwambie akuchoree, nani ana mengi? Akishachora Juma ana mengi hawezi tena kumpa Asha 17.

Tebo zinahitaji kukaririwa, hapo sibishani na mtu, ila aelewe kwanza 6 × 4 ni nne mara sita, apange njugu mistari sita ya nne nne, alafu ndo aimbe. Mambo ya kila siku yanasaidia pia, mwambie akusomee namba za LUKU, zile tarakimu 20 nne nne wakati unaingiza kwenye mita, mwambie akadirie chenji kabla hajatoka kwenda dukani na akirudi mhesabu pamoja. Kupima mchele kwa vikombe, kusoma saa, kugawa embe tatu kwa watu wanne ukae uone wanavyopigana. Hizo ndo hesabu za sehemu.

Hatua ya 6: Muda

Watu wanauliza saa ngapi kwa siku. Dakika 20 kwa mtoto wa la kwanza mpaka la tatu zinatosha kabisa ikiwa ni kila siku, saa mbili za Jumapili hazifai kitu, zinaisha kwa kilio. Chagua muda ambao upo, baada ya chai ya jioni au kabla ya kuoga, kabla giza halijaingia kama umeme wenu ni wa kusuasua. TV izimwe, katuni ziko palepale kesho. Na hapa niseme wazi, binti akirudi shule anaosha vyombo, anachota maji, anabembeleza mtoto, saa mbili usiku ndo anapewa daftari anasinzia, alafu tunasema kaka yake ana akili zaidi. Wagawieni kazi sawa.

Kazi ya nyumbani ya mwalimu mtoto aifanye mwenyewe, dada mkubwa akimfanyia mwalimu anaona vema anaendelea mbele, pengo linabaki. Akishindwa, muache swali wazi na uandike pembeni kwa penseli "hapa hajaelewa". Mwalimu anayejali ataishukuru hiyo sentensi.

Na msimpige wala kumtukana wakati wa kujifunza. Mtoto anayeogopa anakisia, haangalii kitabu anaangalia uso wako ajue jibu.

Hatua ya 7: Nenda shule ukiwa na swali lenye meno

Mwalimu wa darasa kubwa hana nusu saa ya kukaa na wewe, kwahiyo swali la "anaendeleaje huyu" litajibiwa "anaendelea vizuri, ajitahidi tu". Nenda na ule mstari wako. Mazungumzo yanakuwa hivi:

"Shikamoo mama Neema, karibu."

"Marahaba mwalimu, pole na kazi. Sitakuchelewesha. Neema nimempima nyumbani, maneno anasoma ila aya anakwama, na kutoa kwa kukopa bado. Na wewe darasani unaona hivyo hivyo?"

"Kutoa kweli, wako wengi hawajaweza. Kusoma sikuwa nimegundua, anaitikiaga na wenzake."

"Basi naomba unisaidie, mwezi huu mnafundisha umahiri gani ili nyumbani tuende pamoja? Na kama inawezekana akae mbele."

Dakika tatu na umetoka na kitu. Umemheshimu mwalimu, hujamshtaki, na sasa Neema anajulikana, siku ya kusoma kwa zamu hataitikia kwa kujificha kwenye sauti za wenzake. Usiende siku ya kufungua shule wala ya mitihani, tafuta mchana baada ya vipindi. Vikao vya wazazi nenda, na likiisha suala la michango ya chakula na madawati nyoosha mkono uliza, watoto wetu wa la pili wangapi wanasoma aya? Kama shule yenu ina UWAWA, ule umoja wa wazazi na walimu, hilo ndo swali la kupeleka huko, na kama mwalimu mkuu hana jibu muda wote basi Afisa Elimu Kata yupo, lakini hiyo iwe ya mwisho.

Mengineyo kwa ufupi

Twisheni. Kabla hujalipa muulize mwalimu wa twisheni atamfundisha nini. Akisema "masomo yote" na wako arobaini kwenye chumba kimoja, mwanao atapata kurudia yale yale ambayo hakuyaelewa asubuhi. Akisema nitaanza na silabi za kuungana, lipa.

Macho na masikio. Mtoto anayekunja sura akiangalia ubao, anayenakili kwa jirani, anayeomba urudie kila kitu, mpeleke kituo cha afya kabla hujasema ni mvivu.

Kiingereza. Kama hukijui usijilazimishe kumwongelesha kibovu nyumbani, mwongeleshe Kiswahili kilichonyooka na chenye maneno mengi, atakayeelewa mambo kwa Kiswahili atahamisha. Ila akifika la tano na kuendelea aanze kukusanya maneno ya Kiingereza ya sayansi na hesabu kwenye kijidaftari, machache kila siku, maana kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka lugha na wengi wanaangukia hapo.

Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka. Wazazi wanashtuka Septemba. Mpime Januari.

Alafu pima tena kila baada ya mwezi kwa aya mpya, andika tarehe chini ya ile ya kwanza. Kama hamna mabadiliko kabisa baada ya miezi miwili mitatu, na kila siku mmekaa kweli, punguza kiwango, inawezekana ulianzia juu sana. Na kama una mtoto wa la nne au la tano ambaye kakwama kwenye silabi, shuka naye hadi huko huko, azima kitabu cha la kwanza, na kabla hujampa kivalishe jalada la gazeti wadogo zake wasije wakamcheka.